Kusafiri kwa Ndege: Je, Kwafaa Taabu Yake?



Shangazi yangu aliyenilea hakupanda ndege hata siku moja. Alipokwenda Dar es Salaam kwa mara ya kwanza, alishuka kutoka Kamachumu mpaka Bukoba mjini, akalala usiku mmoja melini mpaka Mwanza, na huko akapanda gari moshi mpaka pwani. Alifika na kikapu cha ndizi na miguu iliyovimba. Safari hiyo alitusimulia jioni nyingi, nasi watoto hatukuchoka kuisikiliza. Ndege yeye aliiita eropleni, na kila ilipopita juu ya migomba yake alikuwa akisema, "Hao watafika kabla chungu changu hakijaiva."

Nimeyakumbuka sana maneno hayo, kwa sababu mazishi yake mimi nilikwenda kwa ndege, nami sikuyawahi.

Siku hizi watu wengi huniuliza kama yafaa kutoa fedha nyingi kwa ajili ya tikiti ya ndege, na hali kila juma twasikia kwamba safari hii imeahirishwa na ile imefutwa. Sitaki kujibu kwa hasira ya siku moja. Basi nitaeleza kwanza yaliyonipata, kisha nitasema niliyojifunza, na kila msomaji atapima mwenyewe.

Asubuhi ya Alhamisi

Ilikuwa mwezi wa Machi 2025, masika yakianza. Shangazi alifariki usiku wa Jumatatu. Wazee wakapanga mazishi yawe Alhamisi, saa nane mchana, ili walio mbali wapate nafasi ya kufika. Kaka yangu mkubwa, ambaye naye anakaa Dar es Salaam, alipanda basi Mbezi Louis siku ya Jumatano alfajiri. Mimi nilikuwa na kazi ambayo sikuweza kuiacha siku hiyo. Nikasema moyoni, "Kwa nini nisumbuke barabarani kilomita zipatazo 1,400? Nitaondoka Alhamisi saa kumi na mbili asubuhi, na saa nne nitakuwa Bukoba." Nauli yangu ilizidi ya kaka zaidi ya mara nne, lakini nilihesabu kwamba nanunua siku nzima.

Saa tisa ya usiku niliondoka nyumbani, na saa kumi nilikuwa kiwanjani. Nilipimwa mzigo, nikavua mkanda na viatu, nikakaa kitini. Saa kumi na mbili ikapita. Kijana wa shirika, ambalo sitalitaja jina, akatuambia kuna jambo dogo, tutaondoka baada ya nusu saa. Baada ya nusu saa akasema tena nusu saa. Hata saa mbili ilipofika, kijana yule hakuonekana tena, na kipaza sauti kikawa chasema habari za safari za wengine.

Kila mara nilipoambiwa nusu saa, nami nilipiga simu nyumbani, nikamwambia baba mkubwa, "Shikamoo baba. Twaondoka sasa hivi." Yeye akajibu, "Marahaba mwanangu. Vema, tutakungoja." Yakumbukeni maneno haya, maana nitayarudia.

Tuliondoka saa tatu na dakika arobaini. Kutoka Dar es Salaam mpaka Mwanza ni mwendo wa saa moja na nusu hivi. Nilitazama chini nikaona nchi ikipita upesi kama ukurasa unaofunuliwa: bonde la Ruvu, kisha vilima, kisha nchi kavu ya kati yenye mibuyu, kisha yale majabali makubwa ya Mwanza yaliyopandana kando ya ziwa. Nakiri kwamba kwa saa moja na nusu ile niliisahau taabu yote. Hakuna basi wala gari moshi litakalomwonyesha mtu nchi yake kwa namna ile.

Juu ya ziwa

Mwanza walishuka wengine, wakapanda wengine, nasi tukaruka tena kwenda Bukoba. Hiyo ni safari fupi, haifiki saa moja, na karibu yote ni juu ya maji. Karibu yangu alikaa mama mmoja mtu mzima, mwenyeji wa Bukoba, aliyekuwa ameshika kanga yake kwa mikono miwili.

Tulipokaribia, dirisha likawa jeupe, kisha jeusi. Mvua ilikuwa imeshuka juu ya mji. Ndege ikazunguka mara moja, ikazunguka mara ya pili. Kisha rubani akasema kwa sauti ya utulivu kwamba haoni njia ya kutua, na kwamba tunarudi Mwanza.

Watu wakaguna. Kijana mmoja mwenye koti zuri akapaza sauti, akasema amelipa fedha zake afike Bukoba, si Mwanza, na kwamba mvua si jambo geni duniani. Wengine wakamwunga mkono. Nami, wasomaji, sitajificha: moyoni nalikuwa upande wake. Saa yangu ilikuwa imekwisha pita saa sita, na kaburi lilikuwa limekwisha chimbwa.

Ndipo yule mama akageuka, akamwambia kijana, "Mwanangu, mwache rubani arudi. Mimi siku ile ya mwaka 2022 nalikuwa ufukoni."

Kijana akanyamaza, na ndege nzima ikanyamaza.

Wasomaji wa Kagera hawahitaji kuambiwa siku ile ni ipi. Jumapili, tarehe 6 Novemba 2022, ndege iliyotoka Dar es Salaam ikiwa na watu 43 ilijaribu kutua Bukoba katika hali mbaya ya hewa, ikaanguka ziwani karibu kabisa na kiwanja. Wavuvi walikimbilia na mitumbwi yao. Watu 24 waliokoka, na 19 wakafa. Mama yule aliniambia baadaye, tulipokuwa Mwanza, kwamba alisimama pale akiona mkia wa ndege ukitokeza juu ya maji, na watu wakivuta kamba kwa mikono. Akasema, "Tangu siku hiyo, nikiambiwa ndege imerudi, mimi nashukuru."

Wahenga walisema, "Kawia ufike." Mithali hiyo ilitungwa kabla ya ndege, lakini nadhani hakuna mahali inapofaa zaidi kuliko angani.

Kivuko na kaburi

Huko Mwanza tuliambiwa kuwa hakuna safari nyingine mpaka kesho. Basi watu watano tukachanga fedha, tukakodi gari, tukaondoka saa tisa alasiri. Wakati huo daraja la Kigongo na Busisi lilikuwa bado halijafunguliwa. Tulingoja kivuko zaidi ya saa moja, tukavuka polepole, tukapita Sengerema na Geita, tukafika Biharamulo gizani. Tangu tarehe 19 Juni 2025 daraja hilo, lenye urefu wa kilomita tatu, limefunguliwa, na gari hupita kwa dakika chache tu.

Nilifika Kamachumu saa tano usiku. Moto ulikuwa ukiwaka uani, na watu wamekaa kuuzunguka. Kaka yangu akaja kunipokea, na viatu vyake vilikuwa bado na udongo mwekundu. Akasema, "Pole kwa safari. Shangazi amekwisha pumzika." Alikuwa amefika siku ile ile saa tatu asubuhi, kwa basi lake.

Kisha baba mkubwa akaniambia jambo lililonichoma kuliko yote. "Asubuhi kulikuwa na jua zuri mpaka saa tano," akasema. "Tena tulikungoja mpaka saa tisa. Lakini mvua ilikuwa ikirudi, na watu wametoka mbali. Kama ungaliniambia alfajiri kwamba hutafika leo, tungaliahirisha mpaka Ijumaa. Lakini wewe ulisema, twaondoka sasa hivi."

Taabu mbili zisizofanana

Nimelifikiri neno hilo kwa muda mrefu, nami naona kwamba taabu za ndege ni za namna mbili, wala haifai kuzichanganya.

Taabu ya kwanza ni ile ya kurudi Mwanza. Hiyo sina haki ya kuinung'unikia. Rubani aliona hatari, akakataa. Alitukosesha mazishi, lakini alitukosesha na mazishi yetu wenyewe.

Taabu ya pili ni ile ya asubuhi, Dar es Salaam. Sisemi kwamba ndege isingeweza kuharibika. Chombo ni chombo. Nasema kwamba hatukuambiwa kweli. Mtu akiambiwa saa kumi na mbili kwamba ndege itaondoka saa nne, atapiga simu, atapanga, watu wake watapanga. Akiambiwa nusu saa mara sita, anafungwa kitini kwa kamba ya matumaini, naye awafunga na wenzake walio mbali. Mimi nilimdanganya baba mkubwa bila kujua, kwa sababu nami nilidanganywa. Kilichoniharibia safari zaidi ya mvua kilikuwa ile nusu saa isiyokwisha.

Kwa nini ndege huchelewa?

Yafaa tujue kwa nini mambo haya hutokea, ili tusilaumu ovyo. Ndege moja haifanyi safari moja kwa siku. Asubuhi yaenda mji huu, mchana mji ule, jioni wa tatu. Ikichelewa saa moja alfajiri, saa hiyo huburutwa mpaka usiku. Tena shirika lenye ndege chache halina ya akiba. Na viwanja vingi vidogo havina taa za usiku, hivyo safari iliyochelewa mpaka magharibi hufutwa kabisa.

Tena shida hii si ya kwetu peke yetu. Juma lile lile la mazishi, siku ya Ijumaa tarehe 21 Machi 2025, tulisikia redioni kwamba kiwanja kikubwa cha Heathrow, London, kimefungwa karibu siku nzima kwa sababu ya moto katika kituo kimoja cha umeme. Safari zaidi ya 1,300 ziliharibika. Mzee mmoja pale msibani akasema, "Kumbe hata Uingereza umeme hukatika!" Watu wakacheka kwa mara ya kwanza tangu Jumatatu.

Aprili 2010 mlima wa moto wa huko Iceland ulitoa majivu, na safari zipatazo laki moja zikafutwa Ulaya. Hasara ilifika mpaka Kenya, maana maua yaliyokwisha kukatwa yalikosa ndege, yakatupwa. Mwaka 2023 kampuni ya Pratt & Whitney ya Marekani ilitangaza kwamba vyuma vya baadhi ya injini zake vina kasoro, na mamia ya ndege duniani zikasimamishwa zikaguliwe. Tarehe 19 Julai 2024 programu moja ya ulinzi wa kompyuta iliharibu mitambo zipatayo milioni nane na nusu, na katika viwanja vingine makarani walirudi kuandika tikiti kwa mkono. Tarehe 11 Septemba 2024 wafanyakazi wa kiwanja cha Jomo Kenyatta, Nairobi, waligoma, wakipinga kiwanja hicho kukodishwa kwa kampuni ya kigeni. Tarehe 23 Juni 2025 nchi ya Qatar ilifunga anga yake kwa saa kadhaa kwa sababu ya vita, na ndege zilizokuwa njiani kwenda Doha zikageuzwa.

Moto, majivu, chuma, kompyuta, mgomo, vita: hivyo ndivyo safari ya angani ilivyo. Mambo mengi lazima yawe sawa kwa wakati mmoja, na moja tu likikosea, watu wanakaa sakafuni na mizigo yao.

Na barabara je?

Sasa msomaji asije akadhani kwamba nawaambia wote wapande mabasi. Tuliporudi, mimi na kaka tulirudi kwa basi pamoja. Karibu na Singida lori lilikuwa limepinduka, tukasimama zaidi ya saa mbili. Kaka alipanda na kikapu cha ndizi, na tuliposhuka miguu yake ilikuwa imevimba kama ile ya shangazi. Alisema, "Basi langu halikupaa, lakini lilifika." Ni kweli. Lakini kwa siku mbili baadaye hakuweza kufanya kazi, na huo nao ni mshahara uliopotea. Wala sina haja ya kueleza habari za ajali za barabarani. Kila parokia ina makaburi yake.

Tena ndege ina siku yake ya kusifiwa. Miezi michache baadaye mtoto wa jirani yetu huko nyumbani, mwenye ugonjwa wa moyo, alipaswa kuletwa Dar es Salaam kwa matibabu. Mganga alisema hawezi kustahimili siku nzima ya barabara. Wazazi walichangiwa na jamaa, wakampandisha ndege Mwanza, na baada ya saa moja na nusu alikuwa ameshuka, akiuliza kama mawingu huliwa. Nani atamwambia mama yule kwamba ndege haifai?

Na reli nayo inarudi. Tangu katikati ya mwaka 2024 treni mpya ya umeme huchukua abiria kutoka Dar es Salaam mpaka Morogoro na Dodoma, na safari ya Dodoma ni kama saa nne hivi. Kwa mtu wa Dodoma, kupanda ndege sasa ni jambo la kufikiri mara mbili, akihesabu na saa za kungoja kiwanjani. Reli hiyo inajengwa kuelekea Mwanza. Siku itakapofika huko, sisi watu wa ziwani nasi tutakuwa na la kuchagua.

Hesabu yangu

Basi, kwafaa au hakufai? Jibu langu ni hili. Ndege hununua muda, lakini haiuzi hakika. Anayekwenda kwa jambo linaloweza kungoja, kama kuwasalimu wazazi au biashara isiyo na saa, na ana nauli, na apande bila woga. Anayekwenda kwa jambo lisilongoja, yaani mazishi, harusi, mtihani, kesi, au siku ya hospitali, na apande ndege siku moja kabla. Akikosa siku hiyo, ni heri apande basi mapema kuliko ndege ya dakika ya mwisho. Mimi nilikosea hapo. Nilinunua tikiti ya asubuhi ya siku ile ile, nikaweka mazishi ya mama yangu wa pili juu ya mawingu.

Tena shika haya machache. Chagua safari ya kwanza ya siku, maana ndege huwa haijakusanya ucheleweshaji wa safari nyingine, ingawa mimi siku ile haikunisaidia. Dawa, vyeti na fedha zikae mkononi, si katika mzigo unaowekwa chini. Ukiona saa imepita, usiulize "bado kidogo?" bali uliza, "Ndege yenyewe iko wapi sasa?" Kama bado iko mji mwingine, hesabu mwenyewe. Na unapowapigia walio nyumbani, waambie unalolijua, si unalolitumaini.

Ukitendewa vibaya, usigombane na kijana wa dirishani, maana mara nyingi naye hajui. Andika barua. Katika nchi za Umoja wa Ulaya ipo sheria ya tangu mwaka 2004 inayompa abiria fidia ya euro 250 mpaka 600 safari ikifutwa au ikichelewa sana kwa kosa la shirika, lakini si kwa ajili ya hali mbaya ya hewa. Waona, nao wamezitenga zile taabu mbili. Hapa Tanzania lipo Baraza la Ushauri la Watumiaji wa Huduma za Usafiri wa Anga, ambalo kazi yake ni kutetea haki za abiria. Mimi niliandika kwa shirika lenyewe. Nikarudishiwa nauli ya kipande cha Mwanza na Bukoba, pamoja na barua ya mistari miwili. Fedha nilizipokea. Lakini ningalipenda zaidi neno moja la kweli, saa kumi na mbili asubuhi.

Siku ya pili baada ya kufika, nilikwenda peke yangu kwenye kaburi, chini ya migomba. Nilipokuwa nimesimama pale ndege ikapita, ikielekea Bukoba, na anga lilikuwa safi kabisa. Nikatazama juu mpaka ikapotea. Kisha nikarudi uani, nikamsaidia mke wa kaka kupakua ndizi, kwa kuwa chungu kilikuwa kimekwisha iva.